Sifuri Hii Ni ya Nani?

Kama umewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ukiwa na karatasi mapajani na kalamu iliyofungwa kwa uzi, umesoma utanzu mmoja wa maandishi ambao hakuna mtu huuhakiki. Fomu. Tunahakiki riwaya, tunahakiki filamu, tunahakiki hata mashairi ya watu wawili waliotengana na sasa wanarushiana mafumbo mtandaoni. Fomu tunajaza tu na kurudisha. Ilhali fomu ina msimulizi, ina mhusika, ina wakati wake na ina mwisho. Mwisho wake huwa nambari, na nambari hiyo inaweza kuamua kama utapewa dawa au utaambiwa urudi baada ya miezi mitatu.

Fomu ninazotaka kuzisoma hapa ni zile wanazopewa watu wanaotibiwa soriasisi, hasa zile zinazojaribu kupima stresi. Nina sababu ya kuchagua ugonjwa huu: ninao. Nilianza kuuona kwenye viwiko nikiwa kidato cha pili. Lakini sikuja kusimulia ngozi yangu. Nimekuja kuuliza swali la mhakiki: maandishi haya yanaona nini, na yanapoteza nini?

Kwanza, kwa asiyejua. Soriasisi haiambukizi. Kinga ya mwili inachanganyikiwa na kuamrisha ngozi ijitengeneze haraka mno. Chembe ambazo kwa kawaida huchukua karibu mwezi kufika juu hufika kwa siku chache, zinarundikana, na unabaki na mabaka mazito yenye magamba. Haina tiba ya kuimaliza kabisa, ila zipo za kuituliza: mafuta ya kupaka, tiba ya mwanga, vidonge, na siku hizi sindano za kibayolojia ambazo bei yake ukiisikia unaketi chini. Kwa Kiswahili haina hata jina lake. Shangazi ataita mba, jirani ataita ukurutu, na mtu wa tatu atanyamaza tu na kusogea kidogo kwenye kiti cha matatu. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu, na moja ya mambo uliyotaja ni unyanyapaa. Kwa hivyo si mimi peke yangu ninayeona kile kiti kikisogezwa.

Stresi inaingiaje? Wagonjwa wengi husema mabaka yaliwaka baada ya msiba, mtihani, kufutwa kazi. Halafu mabaka yenyewe yanaleta stresi nyingine, na mduara unazunguka. Madaktari hawakudharau stori hiyo. Mwaka 1998 Jon Kabat-Zinn na wenzake huko Massachusetts walichapisha utafiti wa watu 37 waliokuwa wakipata tiba ya mwanga. Baadhi yao walisikiliza kaseti za kutafakari wakiwa wamesimama ndani ya kile kibanda cha taa. Waliosikiliza ngozi zao zilisafika haraka zaidi. Mwaka 2003 watafiti wa Manchester waliwafuatilia watu 112 waliotibiwa kwa mwanga pamoja na dawa, wakaona kwamba wale wenye wasiwasi mwingi walichelewa kusafika. Basi ni wazi kwa nini mtu atataka kuipima hii stresi. Shida ni kipimo.

Tuanze na babu wa hizi fomu. Mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe, Wamarekani, walitengeneza orodha ya matukio 43 ya maisha na kuyapa alama. Kufiwa na mke au mume, 100. Talaka, 73. Kufunga ndoa, 50. Krismasi, 12. Unajumlisha. Kama kazi ya kubuni, ninaipenda hiyo orodha, kwa sababu ni picha kamili ya mtaa mmoja wa Marekani wa wakati huo, pamoja na mkopo wa nyumba unaozidi dola 10,000 ambao una alama zake 31. Lakini hebu itazame kutoka Nairobi. Krismasi ina alama 12, na Njaanuari haimo. Na mtu aliyezika ndugu ambaye hawakupatana hubeba mzigo mwingine kabisa na yule aliyezika ndugu aliyekuwa rafiki yake. Orodha inajua kilichotokea. Haijui kilimtokea nani.

Mwaka 1983 Sheldon Cohen, Tom Kamarck na Robin Mermelstein walijibu udhaifu huo. Kipimo chao, ambacho watafiti hukiita PSS, hakiulizi ulichopatikana nacho. Kinauliza ulivyokiona. Mwanzo kilikuwa na maswali 14. Toleo linalotumika sana leo lina 10. Kila swali linaanza kwa kukurudisha kwenye mwezi uliopita na kukuuliza ni mara ngapi ulihisi jambo fulani, kutoka kamwe, ambayo ni 0, hadi mara nyingi sana, ambayo ni 4. Jumla ya juu ni 40.

Hii ni hatua kubwa ya usimulizi. Holmes na Rahe wanasimulia kutoka nje, kama karani wa mahakama. Cohen na wenzake wanaingia ndani ya kichwa cha mhusika. Wanakubali kwamba mzigo ni wa yule anayeubeba, na yeye ndiye wa kusema unapima kilo ngapi. Nikiwa msomaji ninaheshimu hilo.

Lakini ukisoma PSS ukiwa na mabaka, unaona kitu cha ajabu: ndani yake hamna watu wengine. Ni mimi na hisia zangu tu, mwezi mzima, kana kwamba niliishi kisiwani. Ninaulizwa kama nilishindwa kudhibiti mambo muhimu ya maisha yangu. Siulizwi ni nani aliyashika hayo mambo. Kinyozi aliyesema mashine imeharibika, halafu nikageuka nikaona anamnyoa mwingine kwa mashine ileile, hana nafasi kwenye hii fomu. Anaweza kuingia tu akiwa amegeuzwa kuwa hisia yangu. Mkosaji anatoka, mkosewa anabaki na alama 3.

Halafu kuna lugha. Jaribu kuyaweka maswali ya PSS kwa Kiswahili tunachozungumza, si kile cha taarifa ya habari, na utaona yakibadilika mkononi. Kudhibiti, kwetu, ni kazi ya serikali na polisi. Kumudu ni kazi ya mfuko. Ukimuuliza mama mboga ni mara ngapi mwezi huu alimudu mambo yake, atakupa hesabu ya kodi na unga, na atakuwa amejibu swali tofauti na uliloandika. Maswali manne kati ya yale 10 yamegeuzwa: yanauliza mara ngapi ulihisi mambo yanakuendea vizuri, na alama zake huhesabiwa kinyume. Hapo ndipo adabu zetu zinapoharibu hesabu. Kenya, mtu akiulizwa kama mambo yako sawa, jibu ni "tunashukuru Mungu", "tuko tu" au "tunasukuma". Hakuna hata moja kati ya hayo lenye nambari. "Tuko tu" ni 0 ama ni 4? Inategemea sauti, inategemea anayeuliza, inategemea kama ni tarehe mbili ama tarehe ishirini na nane.

Upande mwingine, kuna swali moja la PSS ambalo Kiswahili kinalibeba kuliko Kiingereza chake. Ni lile la mwisho, linalouliza kuhusu magumu yanayorundikana hadi yanakushinda. Sisi tuna neno moja la kazi hiyo: kulemewa. Lina uzito ndani yake, lina mgongo, lina gunia. Ukimuuliza mtu "umelemewa mara ngapi?" hutahitaji kumfafanulia. Kwa hivyo sisemi kipimo kikitoka ugenini hakiwezi kuishi hapa. Ninasema kinahitaji mtafsiri anayesikia watu wakiongea, si mwenye kamusi pekee.

Kama hilo linakufanya useme basi tuache maneno tupime homoni, subiri. Kuna watafiti hupima kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa kwenye shinikizo, kwa kutumia mate au nywele. Mate hayana adabu, hayasemi "tunashukuru". Lakini soriasisi ina utani wake hapa. Dawa ya kwanza ambayo wengi wetu hupewa ni krimu za steroidi, na hizo ni ndugu wa kotisoli. Ukizipaka kwa wingi na kwa muda mrefu zinaweza kuingia mwilini na kuvuruga utengenezaji wa kotisoli yenyewe. Yaani tiba inaandika juu ya karatasi ileile ambayo mpimaji anataka kuisoma. Na hata kama karatasi ingekuwa safi, homoni inakupa kiasi tu. Kinyozi bado hajatajwa.

Sasa tufike kwenye fomu ninayoona ndiyo nzito kuliko zote. Inaitwa DLQI, na ilitoka Cardiff mwaka 1994 kwa kazi ya Andrew Finlay na Gul Khan. Haijiiti kipimo cha stresi. Inajiita kipimo cha ubora wa maisha kwa magonjwa ya ngozi. Lakini ndiyo inayokaribia zaidi stresi kama mgonjwa anavyoiishi, na ndiyo iliyosambaa. Maswali ni 10, yote kuhusu wiki moja iliyopita. Mwasho na maumivu. Aibu. Kwenda dukani, kushughulikia nyumba au bustani. Nguo. Matembezi. Michezo. Kazi au masomo. Mpenzi, marafiki na jamaa. Tendo la ndoa. Na mwisho, usumbufu wa tiba yenyewe. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 30.

Kama maandishi, DLQI ina nguvu ya vitu vidogo. Inajua kwamba ugonjwa hukaa kwenye shati unalochagua asubuhi. Inajua kwamba mafuta ya kupaka huchafua shuka. Ni kweli bustani yake ni ya Wales. Mtu wa Pipeline mwenye dirisha linalotazama dirisha lingine atacheka kidogo. Pia haina swali kuhusu kusalimiana kwa mkono, jambo ambalo kwetu hutokea mara ishirini kwa siku na ambalo mtu mwenye mabaka kwenye viganja hulihesabu mapema, kama vile mtu hupanga jinsi atakavyovuka barabara ya Thika. Haina kamba moja ya nguo ya ploti nzima, wala bafu la pamoja ambalo lazima ulifagie magamba yako kabla jirani hajaingia. Hayo yote ungeweza kuyaongeza.

Kisichorekebishika kwa kuongeza ni sifuri.

Maswali manane kati ya 10 yana jibu la ziada: haihusu. Ukiliweka, unapata 0. Yaani fomu inamchukulia mtu ambaye jambo halimhusu sawa na mtu ambaye jambo halimsumbui hata kidogo. Kwa mtu ambaye hajawahi kupenda michezo, sawa, ni hesabu ya haki. Lakini nilipofika kwenye swali hilo niliweka haihusu, na ilikuwa kweli kabisa: wiki hiyo sikuwa nimecheza chochote. Niliacha kuogelea nikiwa kidato cha tatu. Swali la mpenzi, haihusu. La tendo la ndoa, haihusu. Fomu yangu ilisoma kama ya mtu mwenye amani.

Hapa ndipo ningetaka kila mwandishi kijana asimame kidogo, kwa sababu ni somo la usimulizi kuliko somo la udaktari. Kuna kutokuwepo kwa aina mbili. Kuna kitu ambacho hakikuwahi kuwa kwenye maisha ya mhusika, na kuna kitu kilichokuwepo kikang'olewa. Ukurasani vyote viwili vinaonekana kama nafasi nyeupe. Kazi ya msimulizi mzuri ni kukufanya uone tofauti. Fomu haiwezi. Kadiri ugonjwa unavyoshinda, ndivyo alama zinavyoshuka. Anayepigana na aibu yake kila Jumamosi ili aende kuogelea anapata 3. Aliyesalimu amri miaka kumi iliyopita anapata 0.

Si mimi niliyegundua hili. Mwaka 2018 watafiti wa Hungary, Fanni Rencz akiwa mmoja wao, walipendekeza njia mpya ya kuhesabu ambayo inayatoa maswali ya haihusu kwenye mizani na kukadiria upya jumla. Chukua mtu aliyepata alama 10 kwa maswali saba, na matatu akaweka haihusu. Kwa hesabu ya zamani ana 10. Kwa hesabu mpya ana zaidi ya 14.

Utauliza, nne zina tofauti gani? Uingereza, mwongozo wa taasisi ya NICE unaoelekeza dawa za hospitali za umma kwa kawaida unadai nambari mbili kabla mtu hajapewa zile sindano za kibayolojia, juu ya kwamba awe amejaribu tiba nyingine. DLQI lazima izidi 10. Mwenye 10 hajazidi. Mwenye 14 amezidi. Nambari ya pili inaitwa PASI, nayo lazima ifike 10 au zaidi. PASI ilitoka Sweden mwaka 1978. Haikuulizi kitu, daktari anakutazama na kupima ukubwa wa mabaka, unene, magamba na wekundu, akigawa mwili vipande vinne: kichwa asilimia 10, mikono 20, kiwiliwili 30, miguu 40.

Wekundu. Kwenye ngozi nyeusi, soriasisi mara nyingi si nyekundu. Ni zambarau, ni kahawia iliyokolea, wakati mwingine ni kijivu. Daktari aliyefunzwa kwa picha za ngozi nyeupe anaweza kutazama moto na kuona majivu. Basi fikiria nesi Mkenya anayefanya kazi Birmingham, anaishi peke yake, alishaacha kuvaa mikono mifupi. Macho ya PASI yanaweza kumpunguzia alama kwa sababu ya rangi yake, na sifuri za DLQI zinampunguzia kwa sababu ya upweke wake. Mlango una kufuli mbili, na zote mbili zilitengenezwa na watu ambao hawakumwazia. Hapo ndipo uhakiki wa fomu unapoacha kuwa mchezo wa watu wa fasihi.

Sasa tuweke kando ya fomu maandishi mengine mawili, kutoka kwa watu walioishi ndani ya ugonjwa huu. La kwanza ni la John Updike. Mwandishi huyu Mmarekani alikuwa na soriasisi tangu utotoni, na kwenye kumbukumbu zake za mwaka 1989 aliandika sura nzima kuhusu vita vyake na ngozi. Anachokifanya kwenye sura hiyo ni kile DLQI isichoweza. Anafuata sifuri zake moja moja na kuonyesha zilikotoka. Anasema alijitoa mapema kwenye kazi zote za kusimama mbele za watu, na uandishi ukabaki. Anasema alioa mapema kwa sababu alikuwa amempata mwanamke aliyeikubali ngozi yake na hakuthubutu kujaribu bahati tena. Alihamia mji wenye ufuo ili apate jua. Mpe mtu huyo fomu ya Cardiff. Kazi? Hana shida, anafanyia nyumbani. Mahusiano? Ameoa. Matembezi? Yuko ufuoni. Angepata alama za chini na angekuwa amesema ukweli kwenye kila swali, ilhali ngozi ilikuwa imemchagulia kazi, mke na makazi.

Updike pia ana hadithi fupi ya mwaka 1976, iliyoandikwa kama shajara ya mfinyanzi wa Boston anayetibiwa kwa tiba ya mwanga, ambayo Updike mwenyewe aliipitia. Mfinyanzi anapona. Kipimo chochote kingeshuka kwa fahari. Lakini vyungu vyake, vilivyosifiwa kwa wororo wao, vinaanza kulegea. Na kwa mpenzi wake, aliyempenda akiwa na magamba, anaanza kuona kasoro za ngozi ambazo hakuwahi kuziona. Ni hadithi katili, na kuna wakati ninamchukia huyo mwanaume. Lakini inagusa jambo ambalo fomu zote huliacha: tiba nayo ni tukio la maisha. Mtu aliyepangilia kila kitu kuzunguka mabaka, siku mabaka yakiondoka, anabaki na mpangilio usio na sababu. Stresi yake haikwenda na magamba. Imebadilisha anwani.

La pili ni *The Singing Detective*, tamthilia ya televisheni ya Dennis Potter iliyoonyeshwa na BBC mwaka 1986 kwa sehemu sita. Potter alikuwa na soriasisi pamoja na ule ugonjwa wa viungo unaoandamana nayo. Mhusika wake, Philip Marlow, ni mwandishi wa riwaya za upelelezi aliyelazwa wodini, ngozi imewaka mwili mzima, vidole haviwezi kushika kalamu. Kuna onyesho ambapo madaktari wanazunguka kitanda chake na kumjadili kana kwamba hayupo, na kwa sababu hawamsikii, kichwa chake kinawageuza kuwa kundi la wanamuziki wanaoimba kuhusu mifupa. Sijaona picha bora ya hisia ya kuwa nambari.

Lakini Potter ana onyo kwa upande wetu pia, sisi tunaopenda hadithi kuliko fomu. Daktari wa akili kwenye tamthilia, Gibbon, anamsoma Marlow kupitia riwaya yake ya zamani, kama mhakiki, akitafuta humo chanzo cha maumivu. Marlow anakasirika, na ana haki. Kwa sababu ukishasema stresi inawasha ngozi, ni hatua moja tu kufika kwenye kusema umejiletea mwenyewe. Sisi tunaijua hiyo sentensi. "Wewe unafikiria sana, acha mawazo, hii kitu itaisha." Wanaosema hivyo huwa wanatupenda. Lakini wamechukua ugonjwa wa kinga ya mwili na kuufanya kasoro ya tabia, na sasa nina stresi ya kuwa na stresi. Mwisho wa Potter, ambapo Marlow anakumbuka siri za utotoni na kutoka wodini kwa miguu yake, naona umefungwa kwa utepe mzuri mno. Potter mwenyewe hakupewa mwisho kama huo; aliishi na ugonjwa hadi alipokufa mwaka 1994. Kati ya hao wawili, ninamwamini Updike zaidi, kwa sababu hadithi yake haimlipi mtu kwa kujielewa.

Je, tuchome fomu? Hapana, na ninakataa kwa moyo wote. Mtu asiye na nambari hana mlango kabisa. Waziri wa afya hawezi kupanga bajeti kwa hadithi fupi. Na kuna fomu zilizoandikwa na watu waliosikiliza. Mwaka 1995 Madhulika Gupta na Aditya Gupta walitoa kipimo cha stresi ya soriasisi chenye maswali 15, na ndani yake watu wengine wamo: wanaokukwepa wasikuguse, wanaodhani ngozi yako ni ukimwi au ukoma. Kinyozi wangu hatimaye ana kiti. Na Zimbabwe, mwaka 1997, Vikram Patel na wenzake walichapisha hojaji ya msongo ya maswali 14 iliyojengwa kutoka kwa maneno ya Kishona, likiwemo kufungisisa, yaani kufikiria sana. Haikuwa ya ngozi, lakini njia yake ndiyo ninayoitaka: walianza na jinsi watu wanavyosema, wakafika kwenye nambari. Sisi nasi tuna kufikiria sana. Tuna kulemewa. Tuna "mawazo", neno ambalo likiwa na mtu ni ugonjwa na likitoka kwake ni maoni. Kuna hojaji nzima humo inayosubiri mtu wa kuikusanya.

Mpaka ije, nina ombi dogo kwa yeyote anayeshika hizo karatasi, awe daktari wa ngozi, nesi au mwanafunzi wa utafiti pale chuoni. Mgonjwa akiandika haihusu, usiandike 0 na kuendelea. Weka kalamu chini umuulize: ilikuwa inakuhusu lini?